Mwaka Niliokataa Paipu

Siku ya kwanza ya muhula, kabla wanafunzi hawajaingia madarasani, mwalimu wa nidhamu alikuwa na desturi yake. Alikuja ofisi ya walimu amebeba gunia, akaliweka juu ya meza ndefu, akaanza kutoa vipande vya paipu, ile ya kijani ya kumwagilia maji, vilivyokatwa kwa urefu mmoja na kuzungushiwa utepe upande wa kushikia ili visiteleze mkononi. Kila mwalimu alichukua chake kama alivyochukua chaki na rejista. Viboko vilikuwa vimepigwa marufuku shuleni tangu zamani na sisi sote tulijua, lakini paipu si kiboko, walimu walikuwa wakisema, halafu wanacheka.

Zamu yangu ilipofika nilibaki nimeweka mikono mapajani. Nikasema sitachukua.

Alidhani ninamtania. Alikuwa mtu niliyemheshimu, na bado namheshimu kwa mengi. Alikuwa amefundisha pale miaka mingi hivi kwamba baadhi ya wazazi waliokuja kuandikisha watoto walikuwa wanafunzi wake. Akiona mtoto anatembea peku alimtafutia viatu bila kumtangazia mtu. Mimi aliniita binti yangu. Basi akanieleza kwa upole kwamba nimepewa Gredi ya Sita, wale ambao mwaka uliopita mwalimu wao aliomba uhamisho kabla muhula haujaisha.

"Binti yangu," akasema, "hao hawasikii maneno."

Nikamjibu kwamba labda hawajaambiwa maneno ya kusikiwa. Ofisi nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Alikirudisha kipande changu kwenye gunia, akasema kitakaa pale, nitakuja kukichukua mwenyewe.

Watu wakisikia habari hii hupenda kuniuliza kama nina kovu mahali. Sina. Nimezaliwa na kulelewa mtaa wa Shauri Moyo, katika zile nyumba za zamani za halmashauri, na nilichapwa kama walivyochapwa wote, si zaidi. Tulijifunza kuvaa kaptura ndani ya sketi. Tulijifunza kulia kabla maumivu hayajafika, ili mwalimu achoke mapema. Zaidi ya yote tulijifunza kunyamaza huku akili zetu ziko sokoni Gikomba. Wageni walikuwa wakipita dirishani wanasifu darasa letu kwa utulivu wake. Mimi nilikuwa ndani ya utulivu ule, na najua hapakuwa na masomo ndani yake. Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Sikuitoa kwenye semina, wala sikuletewa na wazungu kama mwenzangu mmoja alivyopenda kusema.

Tena sikwenda darasani mikono mitupu. Likizo ilipokuwa inaelekea kwisha nilimwomba mlinzi anifungulie, nikaingia na ndoo, ufagio na kopo la rangi lililobaki jirani yangu alipopaka nyumba yake. Nilikaa kwenye kila dawati, moja baada ya jingine, nikatazama ubao kama mtoto anavyoutazama. Kutoka kona ya nyuma upande wa dirisha ubao unang'aa tu, huoni herufi. Na kona hiyo ndiyo waliyokuwa wakipelekwa watundu. Unampeleka mtoto mahali asipoona kitu, halafu unamchapa kwa kutotazama ubaoni.

Nikaendelea hivyo hivyo. Madawati yalikuwa yamebanana hadi mlangoni, na njia ilikuwa moja, nyembamba. Kila kengele ilipolia walikanyagana pale, na aliyekanyagwa alirusha ngumi. Nilivuta, nikasukuma, nikakata njia mbili, nikazichora sakafuni kwa rangi: moja ya kuingilia, moja ya kutokea. Meza yangu niliihamishia nyuma, ili anayetaka kufanya vituko asijue kama ninamwona. Karibu na mlango niliweka mkebe wa penseli za kuazima, kwa sababu mtoto asiye na penseli ndiye anayemchokoza mwenye nayo. Kando ya kabati nikaweka kiti kimoja kimeelekezwa nje. Hicho hakikuwa cha adhabu. Kilikuwa cha yeyote aliyehisi hasira inampanda, akae apoe, arudi kwake bila kuulizwa. Nilitoka pale jioni nimechafuka rangi hadi kwenye nywele, na nilikuwa na furaha.

Watoto walipokuja nilisimama mlangoni nikamsalimia kila mmoja kabla hajaingia. Walikuwa wengi, mara mbili ya wale ambao chumba kilijengewa. Wengine walinijibu shikamoo, wengine sasa ticha, wengine walipita wakinitazama kwa pembe ya jicho kama mtu aliyeombwa kitambulisho. Walipokaa niliwaambia kwamba sheria za darasa tutazitunga pamoja. Wakazitunga haraka, maana walizijua. Anayechelewa achapwe. Anayepiga kelele achapwe. Anayetukana achapwe mara mbili. Nikawauliza kama hakuna jingine linaloweza kufanyika kwa mtu aliyekosea. Wakatazamana.

Msichana mmoja akasimama bila kuinua mkono. Alikuwa mrefu kuliko wenzake, mkubwa kidogo kwa umri, na sauti yake ingeweza kuuza mitumba sokoni bila kipaza sauti.

"Ticha, wewe hutujui," akasema. "Sisi bila kuchapwa haiwezekani. Sisi ni wabaya."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayekutajia mtaa anaokaa. Nilikasirika siku ile kuliko nilivyowahi kukasirika mbele ya watoto, na hasira yangu haikuwa juu yake. Nilifuta ubao wote. Nikawaambia kwamba katika chumba kile neno kuchapwa limekwisha kazi, na tukaanza upya. Tulibishana hadi kengele ya mapumziko. Mwishowe tukabaki na sheria tatu, zilizoandikwa kwa maneno yao: ukivunja, utengeneze; ukichafua, usafishe; ukimuumiza mtu, keti umsikilize hadi amalize, kisha useme utafanya nini.

Ilibaki namna ya kuwanyamazisha. Mtaani kwetu maji yakirudi mferejini baada ya kupotea siku kadhaa, mtu wa kwanza kuyaona hupiga kelele, na plotini, kwenye ua wa nyumba za kupanga, kila kitu husimama. Hiyo ndiyo ikawa ishara yetu. Mimi nikisema "Maji," wao wanajibu "Imerudi," na mikono yote inalala juu ya dawati. Mwalimu wa Kiswahili wa chumba cha pili kutoka chetu alikuwa akichungulia dirishani kwa uchungu, anasahihisha, "Yamerudi, mwalimu. Yamerudi." Mimi pia nafundisha Kiswahili, na ngeli nazijua. Nilimwambia kwamba zamu ya ngeli itafika. Kwanza wanyamaze.

Nitakuwa mwongo nikisema walinyamaza. Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya. Walikuwa wakinipima. Kiti cha kupoa kiligeuka kiti cha kupumzikia, kila mtu akawa na hasira wakati wa hesabu. Penseli zilipotea mkebeni zote, nikajaza tena, zikapotea tena. Walimu wenzangu walilalamika kwamba kelele zetu zinawafikia. Wengine walinionea huruma, na huruma yao ilinichoma kuliko kicheko. Nikifika nyumbani nilikuwa sina sauti, mume wangu ananiuliza jambo namjibu kwa kichwa. Aliniuliza siku moja kama paipu ile siwezi kuichukua nikaiweka tu mezani, nisiitumie. Nikamwambia ikikaa mezani inatumika.

Halafu likaja lile la dirisha. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, jua kali, watoto wamechoka. Yule msichana mrefu ni binti wa fundi wa viatu wa soko la Kariokor, anayeshona akala za matairi na mikanda ya ngozi. Mvulana aliyeketi nyuma yake akamwita binti wa tairi, wenzake wakacheka. Msichana akachukua kifutio cha ubao, kile cha mbao, akamrushia. Mvulana akainama, na kioo cha dirisha kikaanguka nje chote kwa kishindo. Darasa likalipuka kwa mayowe.

Nilikuwa bado sijafika katikati ya chumba nilipomwona mwalimu wa nidhamu anakuja barazani, paipu mkononi. Nilibadilisha njia. Badala ya kwenda kwa msichana nilikwenda mlangoni, nikasimama.

"Mwalimu, nipishe," akasema.

"Sikupishi."

Alishusha sauti. Akaniuliza kama ninataka kumzuia yeye, mbele ya watoto.

"Mbele yao ndipo ninapotaka," nikamwambia. "Darasa hili ni langu. Anayeingia na hiyo, aniguse mimi kwanza."

Nilishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Alinitazama kwa muda. Nadhani alikuwa akimtafuta ndani yangu yule binti yake, akamkosa. Akageuka akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mwenye akili na mwenye uchovu. Aliniita mchana ule ule, akafunga mlango, akaniambia kwamba sheria iko upande wangu, lakini sheria haifundishi katika shule ile, walimu ndio wanaofundisha, na nimewavunjia heshima. Akasema kioo lazima kipatikane na mzazi lazima aje. Mambo yakiendelea hivi atanihamishia darasa jingine. Nikamwambia nitakubali kila kitu isipokuwa hilo la mwisho, na kwamba kioo kitarudi. Alinionyesha mlango kwa macho.

Baba wa msichana alifika kesho yake asubuhi, akiwa na aproni yake ya kazi na bintiye akimfuata nyuma. Nilimkaribisha kwenye dawati la mbele. Alikuwa mtu wa maneno machache, vidole vyake vyeusi kwa rangi ya ngozi. Kabla sijasema lolote alitoa kitu ndani ya mfuko wa karatasi, akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi.

Ulikuwa mjeledi. Ngozi safi, iliyoshonwa tabaka mbili, imepigwa rangi ikang'aa, na mpini uliosukwa. Alikuwa ameutengeneza kwa mkono wake. Nikaambiwa baadaye kwamba alikesha nao.

"Mwalimu, huyu ni wako," akasema. "Nimesikia hapa huna kitu. Mchape tu. Mimi sitakuja kulalamika."

Msichana alikuwa anatazama sakafu. Niliusukuma mjeledi ule polepole ukarudi upande wake. Nikamshukuru kwa kazi ya mikono yake, nikamwambia siwezi kuupokea.

Uso wake ulibadilika. Sikuona hasira. Niliona kitu kibaya zaidi, aibu.

"Basi umeshamtupa," akasema. "Mama yake alifariki. Mimi niko kazini tangu alfajiri. Nikamleta kwako umkunje angali mbichi, na wewe unasema humchapi. Mtoto asiyechapwa ni mtoto ambaye mtu amechoka naye."

Nilikuwa nimejiandaa kupambana na mtu mkali, si na maneno yale. Niliyatafutia jibu la kweli, kwa sababu aliyetoa maneno kama hayo hastahili kujibiwa kwa maneno ya semina.

"Baba," nikamwambia, "mtu niliyechoka naye ningemchapa dakika moja nikamalizana naye. Huyu sijamalizana naye. Amevunja dirisha la wenzake, na mvua ikinyesha wataloa. Nataka alitengeneze. Nataka aliyemtukana aketi asikie tusi lile lilimfikia wapi. Hiyo ni kazi ya wiki nzima, na mimi nitakuwa naye wiki nzima. Niambie ni nani kati yetu anayemtupa."

Akamgeukia bintiye, akamuuliza ni tusi gani. Msichana hakutaka kusema. Baba akauliza tena, na ndipo akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo, "Waliniita binti wa tairi."

Fundi yule alitazama vidole vyake. Akaurudisha mjeledi kwenye mfuko wa karatasi, akaniuliza dirisha lina upana gani.

Jumamosi walikuja wawili, baba na binti, na kioo kilichozungushiwa gazeti. Mvulana wa tusi naye alikuja, kwa sababu siku alipoketi kumsikiliza msichana hadi mwisho, aliulizwa atafanya nini, akasema atashika kioo. Nilikuwapo, lakini sikugusa kitu. Baba alimwonyesha bintiye namna ya kukwangua pati ya zamani, ile gundi ya kushikilia kioo, kwa kisu cha ngozi na kuipitisha mpya kwa kidole gumba, taratibu, pembeni kote. Alimfokea mara mbili. Alimsifu mara moja, na hiyo moja nilimwona mtoto anavyoipokea. Walipomaliza, baba alinifuata nje akaniambia nisije nikadhani amebadilisha mawazo. Yeye bado anaamini fimbo. Nikamwambia nimesikia, na mimi bado siamini, hata nyumbani. Akatikisa kichwa, tukapeana mikono.

Siwezi kusema dirisha lile liliponya darasa. Lakini baada yake watoto waliacha kunipima kwa namna ile. Nadhani walikuwa wakingoja kuona kama nitasimama, na sasa walikuwa wameona. Penseli zilianza kurudi mkebeni, nyingine fupi zaidi kuliko zilivyotoka. Mtu akimwaga maji alikuwa ameshachukua kitambaa kabla sijageuka. Walipigana bado. Walisengenyana, walinakiliana kazi, walichelewa mvua ikinyesha. Walikuwa watoto.

Muhula wa pili mama yangu aliugua, nikaomba ruhusa kumpeleka hospitali. Mwalimu wa nidhamu ndiye aliyewekwa kushika darasa langu. Niliporudi alikuwa ananingoja barazani. Tangu siku ya mlango ule alikuwa hajaniita binti yangu tena.

"Umewaharibu," akaniambia. "Wamenijibu."

Nikamuuliza wamemjibu nini. Akasita. Nikaona kwamba jambo lenyewe lilikuwa gumu kulitamka.

"Niliwaambia wapige foleni," akasema. "Darasa zima, kwa sababu ya kelele. Wakapiga. Halafu yule binti wa fundi akaniuliza kosa lake yeye ni lipi, ili ajue atalitengeneza vipi. Nikamwambia anyooshe mkono. Akanyoosha. Lakini aliyemfuata naye akauliza. Na mwingine. Foleni nzima wananiuliza hilo tu, kwa adabu, mikono imenyooshwa."

"Ukawachapa?"

"Huyo wa kwanza," akasema. "Wengine niliwaacha."

Sikumwambia pole. Nilikwenda darasani nikamwita msichana, nikatazama kiganja chake, nikarudi ofisini, na katika mkutano wa walimu wa wiki ile, alipoyaleta mambo haya mezani ili nikemewe, niliomba nafasi nikasimama.

Nilisema kwa kifupi. Nilisema kwamba watoto wale hawakumtukana mtu, hawakukimbia, hawakukataa kunyoosha mikono. Waliuliza swali. Kama shule yetu ina nidhamu inayoanguka mtoto akiuliza kosa lake ni lipi, basi si nidhamu, na mimi siitaki darasani kwangu, si mwaka huu wala mwaka mwingine wowote nitakaopewa chaki. Nikasema pia kwamba kiganja cha yule msichana nimekiona, na safari nyingine nitalifikisha jambo hilo kwa wakubwa wa elimu, mbali zaidi ya mkutano ule.

Mwalimu mmoja mzee akanitajia maandiko. Mwingine akasema wale watoto wa mjini hawaongozwi kwa maswali, watakuja kutupanda vichwani. Mwalimu wa nidhamu alikuwa anazungusha kalamu. Mwalimu mkuu aliwasikiliza wote, kisha akatamka kwamba vipande vya paipu havitagawiwa tena katika ofisi ya shule yake, na kwamba atakayekutwa na kipande atajibu mwenyewe. Hakunitazama aliposema hivyo. Wala hakunisifu, na sikumtarajia. Nilijua kwamba ametumia tishio langu la kwenda mbali, na hofu yake mwenyewe, na kwangu ilitosha.

Paipu hazikuisha shuleni siku ile. Ziliingia mikobani na nyuma ya makabati. Lakini walimu wawili vijana walikuja kwangu mmoja mmoja, kila mmoja akihakikisha mwenzake hayupo, wakaniuliza nilivyopanga madawati. Niliwaonyesha. Mmoja aliacha baada ya wiki chache, akasema yeye hana moyo wa kelele. Mwingine anaendelea hadi leo.

Msichana yuko sekondari ya msingi sasa, uwanja huo huo, jengo la pili. Huitwa ofisini mara kwa mara. Juzi mwalimu wake alinijia, akanilalamikia kwamba mtoto ana mdomo, kila adhabu lazima aelezwe sababu, na akaniomba, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha hivyo, nimwite nimwambie aombe radhi.

Nikamuuliza kama alimjibu swali lake. Akasema huo sio mjadala. Nikamwambia basi akamjibu kwanza, na kama baada ya kumjibu bado kuna kosa, mtoto mwenyewe atasema atalitengeneza vipi, ninamjua. Kuhusu kuomba radhi kwa kuuliza, nikamwambia, hilo sitamwambia mtoto, na akimwambia yeye nitamwambia mtoto asiombe. Alinitazama kama nimepungukiwa akili. Kengele ikalia, nikachukua rejista yangu nikaenda kufundisha.